Kufunga moteri ya mashine ya kusaga: gasketi, siliconi na mafuta

Katika Kivu zote mbili kuna mahali ambapo wenyeji na wakimbizi wa ndani wanasagia unga kwenye mashine moja. Moteri ikifungwa vibaya, mafuta yanavuja, kisha maneno yanaanza: hawa wanasema wageni wameiharibu, wale wanasema fundi alichaguliwa kwa ukoo. Mara nyingi kosa ni la gasketi ya zamani tu. Kwa hiyo kamati ijue inachomlipia fundi.

Gasketi ni kipande chembamba kinachoziba nafasi kati ya vyuma viwili. Ile ya hedi ndiyo yenye kazi ngumu: inazuia moto wa silinda, maji na mafuta visiingiliane. Ikishabanwa mara moja imechukua umbo lake, hivyo iliyotolewa isirudishwe, hata ikionekana nzima. Haipakwi siliconi, isipokuwa mtengenezaji ameagiza hivyo. Nyuso za chuma zisafishwe bila kuzikwaruza, na boliti zikazwe kidogo kidogo, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa spana ya kipimo. Maji yakipenya, mafuta yanageuka rangi ya kahawa ya maziwa. Hapo zimeni moteri mara moja.

Siliconi ina kazi kwenye karteri na vifuniko vingine, tena kwa mstari mwembamba. Mafundi wengi wanadhani kupaka nyingi ni usalama. Ziada inasukumwa ndani, inakatika, inaziba chujio la pampu, na moteri inajisaga bila mafuta. Tena inahitaji muda wa kukauka ulioandikwa kwenye tyubu, mara nyingi siku nzima. Foleni ya ndoo za mahindi na mihogo itakuwa ndefu, akina mama watalalamika, na wana haki. Lakini hapa ndipo viongozi wa pande zote mbili wanahitajika: wasimame pamoja na kusema, tunasaga kesho.

Beringi za krenki, pistoni na kuta za silinda zipakwe mafuta safi wakati wa kufunga, kwa sababu moteri inapowaka mara ya kwanza pampu haijafikisha mafuta kila mahali. Moteri nyingi za mazuti zinatumia 15W-40, lakini fuateni kitabu chake. Nunueni bidoni ambayo mfuniko wake haujafunguliwa. Yale ya kumiminwa sokoni hamjui yametoka wapi.

Gasketi iliyotolewa msiitupe. Ionyesheni kwenye mkutano pamoja na risiti ya ile mpya, wenyeji na wakimbizi wakiwepo. Baada ya saa za kwanza za kazi, mafuta yabadilishwe, maana yamebeba unga wa chuma, na yale machafu yasimwagwe karibu na kijito.