Je, Wajua? Homoni ya Sikioni na Maksai wa Garissa

Je, wajua kwamba huko Marekani maksai wa Friesian, ndugu wa kiume wa ng'ombe wa maziwa, hupachikwa vidonge vidogo vya homoni chini ya ngozi ya sikio? Dawa huvuja polepole kwa miezi kadhaa, na lishe ileile huzaa nyama nyingi zaidi. Sikio limechaguliwa kwa sababu haliliwi, hutupwa machinjioni. Tangu 1989 Ulaya haitaki nyama hiyo iingie kwake, na mzozo ulifika hadi Shirika la Biashara Duniani.

Kwa maksai wanaouzwa katika soko la mifugo la Garissa, Kenya, mnenepeshaji si homoni bali ni mvua. Maksai wa Boran, wengine wakitokea ng'ambo ya mpaka wa Somalia, hukonda kiangazi mpaka mbavu zikahesabika. Mvua za gu, yaani masika, zikinyesha na malisho yakichipuka, mwili hulipiza njaa: huweza kunenepa kwa kasi kuliko wa ng'ombe aliyeshiba mwaka mzima. Wataalamu huita hali hiyo ukuaji wa fidia. Mfugaji mzoefu hakimbilii sokoni majani yanapoota. Hungoja mgongo ujae kwanza. (Karo ya shule, kwa bahati mbaya, haingoji.)