Dari ya kuning'inia: Namna ya kukadiria vifaa na gharama

Waafrika Mashariki wengi wanaoishi ng'ambo hujenga nyumba makwao kwa kutuma fedha kidogo kidogo. Ujenzi unapofikia hatua ya dari, makadirio ya fundi mara nyingi huwa chanzo cha mabishano.

Orodha hufika kwa simu: vibao kadhaa, reli kadhaa, nyaya, na chini yake jumla ya fedha zinazohitajika. Mwenye nyumba aliyeko Muscat au London hawezi kupanda ngazi akahakiki. Hata hivyo, akiwa na vipimo viwili tu vya chumba, yaani urefu na upana, anaweza kuifanya hesabu hiyo mwenyewe.

Dari hii ni ipi?

Dari ya kuning'inia haipigiliwi misumari moja kwa moja kwenye mbao za paa. Hushikiliwa na nyaya zilizofungwa kwenye zege au kwenye kenchi. Nyaya hizo hubeba reli nyembamba za chuma kilichopakwa zinki, zenye umbo la herufi T iliyopinduliwa.

Reli zikikutana hufanya miraba, na ndani ya kila mraba hulazwa kibao chepesi cha jipsamu au cha nyuzi za madini. Kipimo kilichozoeleka cha kibao ni sentimita 60 kwa 60.

Faida yake ni kwamba kibao kimoja kikiharibika hubadilishwa bila kubomoa dari nzima, na fundi umeme huweza kukiinua akazifikia nyaya zake. Kwa sababu hiyo huachwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15, au zaidi, kati ya reli na kilicho juu yake. Aidha, mchwa hawali chuma.

Mtego wa mita za mraba

Chukulia chumba chenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 4. Eneo lake ni mita za mraba 20. Kibao kimoja hufunika mita za mraba 0.36. Ukigawanya 20 kwa 0.36 utapata 55.6, na mtu mwenye haraka ataagiza vibao 56.

Hesabu hiyo ni sahihi kwenye karatasi, lakini chumbani haitoshi.

Fundi mzuri haanzi kupanga vibao kutoka pembe moja ya chumba. Huanzia katikati, ili vipande vinavyokatwa kandokando ya kuta vilingane pande zote mbili. Katika urefu wa mita 5 ataweka vibao saba vizima, ambavyo ni mita 4.2, na kila upande kutabaki sentimita 40 za kujazwa kwa kibao kilichokatwa. Hiyo ni safu ya vibao tisa.

Katika upana wa mita 4 ataweka vibao vitano vizima, na kila upande kutabaki sentimita 50. Hiyo ni safu ya vibao saba. Tisa mara saba ni 63.

Masalia ya kila kibao kilichokatwa ni sentimita 20 au 10 tu, na hayawezi kujaza pengo jingine. Kwa hiyo aliyenunua vibao 56 atapungukiwa na saba. Itabidi fundi arudi dukani, gari likodiwe tena, na pengine vibao vitakavyopatikana viwe na weupe usiofanana na vile vya kwanza.

Ukiongeza asilimia 5 kwa ajili ya vitakavyovunjika, jumla ni vibao 67. Fundi anayetaja idadi hiyo haibi. Anayetaja 90 kwa chumba hicho hicho anapaswa kutoa maelezo.

Reli na nyaya

Reli kuu hupangwa kwa umbali wa mita 1.2 kutoka moja hadi nyingine. Katika chumba hiki, zikifuata urefu wa mita 5, zitahitajika mistari mitatu, yaani mita 15. Reli kuu moja kwa kawaida huwa na urefu wa takriban mita 3.6, na dukani huuzwa nzima. Zitanunuliwa tano.

Kati ya reli kuu hukatiza reli za mita 1.2, kila baada ya sentimita 60. Hapa kuna mistari minane, na kila mstari huchukua reli tatu. Jumla ni 24.

Reli fupi za sentimita 60 ndizo zinazokamilisha miraba. Mistari mitatu yenye reli tisa kila mmoja ni 27, na nyingine nane hukatwa kujaza mapengo yaliyo kando ya ukuta mmoja. Jumla ni 35.

Ukutani huzungushwa ukingo wenye umbo la herufi L. Mzunguko wa chumba ni mita 18. Ukingo ukiwa na urefu wa mita 3, zitahitajika sita, na ni busara kuongeza mmoja kwa sababu ya pembe.

Nyaya za kuning'inizia hufungwa kwenye reli kuu kwa umbali usiozidi mita 1.2. Tano kwa kila mstari ni nyaya 15. Atakayepunguza nyaya ili kuokoa fedha ataiona dari ikibonyea katikati.

Kutoka idadi hadi fedha

Idadi ikishajulikana, kazi iliyobaki ni nyepesi. Kila kifaa kiandikwe katika mstari wake: idadi, bei ya kimoja, kisha jumla. Bei ziulizwe katika maduka mawili au matatu ya mji husika, kwa kuwa zile za mji mkuu si zile za wilayani.

Ufundi mara nyingi hutozwa kwa mita ya mraba. Kipimo cha haki ni eneo la chumba, yaani mita 20. Si eneo la vibao vilivyonunuliwa, ambalo kwa vibao 67 hufikia mita za mraba 24.

Kisha yaongezwe mambo yanayosahaulika: usafiri, skrubu, jukwaa la kupandia, na kazi ya fundi umeme. Taa nzito na feni zisiegemezwe kwenye vibao. Zihitaji nyaya au mihimili yake zenyewe. Akiba ya asilimia 10 juu ya jumla yote husaidia bei zinapopanda kabla ya kazi kuisha.

Paa kwanza

Dari hufichua makosa ya paa. Bati likivuja, vibao vya nyuzi za madini na vya jipsamu hufyonza maji, hupata madoa na hulegea. Paa likaguliwe wakati wa mvua kabla ya kibao cha kwanza kununuliwa.

Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Zanzibar, unyevu wa hewa peke yake unaweza kuvipinda vibao vya bei rahisi. Huko inafaa kuuliza vibao vinavyostahimili unyevu, hata kama bei yake ni ya juu kidogo.

Kwa aliye mbali, ulinzi mkubwa zaidi ni mchoro mdogo wa chumba unaoonyesha kila mraba. Amwombe fundi autume pamoja na orodha. Vibao vikihesabika kwenye mchoro, ndugu au jirani anaweza kuvihesabu tena vinaposhushwa mlangoni, na fedha za ufundi zikatumwa baada ya hapo.