Kupanga Nafasi Ndani ya Mtumbwi wa Plaiwudi

Mkazi wa Nyabibuye anayejiundia mtumbwi wa plaiwudi ili avue Mto Malagarasi au Ziwa Tanganyika hutamani kung'oa ubao wa kukalia wa katikati apate nafasi ya nyavu. Tunamsihi asiung'oe. Ubao huo si kiti tu. Ndio unaozuia mbavu za mtumbwi zisitanuke wala kubonyea. Samaki na nyavu vikae chini, katikati, kwani shehena iliyoinuliwa hupindua chombo upesi.

Chini ya viti vya mbele na nyuma tunashauri yafungwe kwa kamba imara madumu matupu yaliyozibwa vyema. Dumu la lita 20 likizamishwa hubeba takribani kilo 20, hivyo mtumbwi uliojaa maji huendelea kuelea. Hata hivyo, madumu hayo hayachukui nafasi ya jaketi la kuokolea maisha.