Silipi si Sawa na Sijalipa

Ndugu msikilizaji, Mswahili anapokanusha huwa na njia nyingi. Husema silipi, sitalipa, sikulipa, sijalipa, na kila moja ina maana yake. Kitenzi chenyewe ndicho kinachogeuka. Kitenzi cha Kichina hakigeuki hata kidogo. Kazi yote hufanywa na neno dogo linalokitangulia, na mwanafunzi akilikosea hilo, atasema jambo ambalo hakulikusudia.

Maneno makuu ni mawili: bu na mei. Bu hukanusha nia, mazoea na hali: sitaki, sinywi pombe, si ghali. Mei hukanusha tendo: halikutendeka, au halijatendeka.

Tuseme mfanyabiashara wa Kariakoo yuko Guangzhou, na mwenye duka anamwuliza habari za malipo. Mimi ni wo, na kulipa fedha ni fu qian, hutamkwa karibu na "fu chien". Akijibu "wo hai mei fu qian", amesema bado hajalipa, na mwenye duka huenda akangoja. Lakini akisema "wo bu fu qian", amesema: mimi silipi! Hapo deni limegeuka ugomvi, na mzigo unaweza kubaki ghalani.

Kiko kitenzi kimoja kinachoikataa bu kabisa, nacho ni you, yaani kuwa na kitu. Sina fedha ni "wo mei you qian". "Bu you" haisemwi. Na katazo, kama usilipe, lina neno lake: bie.

Je, "hapana"? Kichina hakina neno moja la hapana linalofaa kila mahali. Mara nyingi hurudiwa kitenzi cha swali. Ukiulizwa "yao bu yao?", yaani wataka, hutaki?, jibu ni "yao" au "bu yao". Hilo si geni kwetu: mtu akiulizwa "unayo?", hujibu "sina".

Angalia na sauti. Mei hupanda. Bu hushuka, ila ikitangulia neno linaloshuka vilevile, kama fu na yao, nayo hupanda.

Basi, ndugu msikilizaji, kabla hujafungua kinywa jiulize kwa Kiswahili: nakataa, au halijatendeka? Ukiwa unakataa, sema bu. Ikiwa halijatendeka, sema mei. Kwaheri hadi juma lijalo.