Mama Daktari Achague Ubingwa Gani?

Masomo ya udaktari ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Ubingwa huongeza miaka mitatu au zaidi, nayo ndiyo miaka ya kuzaa na kulea.

Basi kabla ya kujaza fomu, keti na mumeo. Daktari wa uzazi huko Temeke au Mwananyamala anaweza kuitwa usiku wa manane kumpasua mjamzito. Ngozi na macho huwa na dharura chache zaidi. Je, ukiwa zamu, nani atalala na mtoto?

Hata hivyo, usiache fani uipendayo kwa hofu tu. Profesa Esther Mwaikambo, mwanamke Mtanzania wa kwanza kuwa daktari, alibobea katika magonjwa ya watoto, na mwaka 1987 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa MEWATA, chama cha madaktari wanawake.

Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Zidai bila aibu. Na baba naye ajifunze kukoroga uji wa mtoto mapema, kabla likizo haijaisha.