Kubuni Jarida la Muziki wa Pop: Kaida za Utanzu na Uhuru wa Mbunifu

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwalimu mwenzangu, nami niliiamini methali hii bila kuipima hadi mwaka wa 2019, nilipowapa wanafunzi wa chama chetu cha Kiswahili kazi ya kubuni jarida la muziki wa pop. Makundi sita yalileta majarida sita. Nafasi ya kwanza niliwapa waliochora machweo ya kupendeza na kuandika shairi fupi juu ya jalada. Nafasi ya mwisho niliwapa waliochora uso mkubwa wa msanii waliyembuni, wakaandika jina la jarida kwa herufi nene nyekundu na kujaza vichwa vya habari pembeni. Niliona kazi yao ni ya kuiga tu.

Tuliyatandaza yote sita kwenye meza ya maktaba kwa wiki moja. Jarida la machweo halikuguswa. Lile la mwisho lilirudi limechanika pembe kwa kusomwa. Mmoja wa waliolibuni akaniuliza, kwa adabu lakini bila kupepesa: "Mwalimu, ulitahini uchoraji au ulitahini jarida?" Sikuwa na jibu. Makala haya ni jibu langu lililochelewa. Yananuia kuonyesha kwamba kaida za utanzu ni ahadi baina ya mtunzi na hadhira yake, na kwamba kila kaida ina sababu. Anayeijua sababu ndiye pekee awezaye kuifuata vyema, au kuikiuka kwa faida.

Kaida ni nini?

Kaida ni mambo ambayo msomaji hutarajia kuyapata katika kazi ya aina fulani. Wewe mtahiniwa unazijua tayari. Ukiliona tarbia, unatarajia mishororo minne katika kila ubeti. Ukiifungua barua rasmi, unatafuta anwani mbili na mtajo. K. Amri Abedi alizikusanya arudhi za ushairi katika kitabu Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka wa 1954. Miaka ishirini baadaye, mwaka wa 1974, Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, diwani ya mashairi huru. Mjadala uliozuka tunaufundisha hadi leo. Jambo tunalolisahau ni kwamba ukiushi huonekana kuwa ukiushi kwa sababu kaida ipo. Ndivyo ilivyo kwa jarida pia.

Jarida tutakalolitumia kama kielelezo ni Smash Hits la Uingereza. Lilianzishwa na Nick Logan mwaka wa 1978 na likafungwa mwaka wa 2006. Nimelichagua kwa sababu maisha yake yote yanajulikana, tangu kuzaliwa hadi kuzikwa, na kwa sababu lilikuwa miongoni mwa majarida yaliyozipa kaida za utanzu huu sura tunayoitambua.

Hatua ya kwanza: hadhira

Kabla ya kushika kalamu ya rangi, jiulize: namwandikia nani? Logan alikuwa amewahi kuwa mhariri wa NME, gazeti la muziki lililowalenga vijana wakubwa na wapenzi wa roki. Smash Hits lililenga vijana wadogo zaidi, wale wanaoimba mbele ya kioo. Hawa walitaka maneno ya nyimbo ili waimbe bila kukosea, na picha kubwa za kubandika ukutani. Jarida likawapa vyote viwili. Tazama basi jinsi kaida mbili kuu za utanzu huu, yaani maneno ya nyimbo na bango, zilivyotokana na haja ya hadhira.

Chati pia ina asili ya namna hiyo. Tarehe 14 Novemba 1952 NME lilichapisha orodha ya kwanza nchini Uingereza ya nyimbo zilizoongoza kwa mauzo. Ili kuipata, Percy Dickins wa gazeti hilo alipiga simu madukani na kuuliza ni sahani zipi zilizonunuliwa zaidi. Msomaji alitaka kujua wenzake wanasikiliza nini, na bado anataka.

Jalada

Hapa ndipo wanafunzi wangu wa machweo walipojikwaa. Jalada lina kazi moja: kumfanya mpita njia asimame. Zingatia yafuatayo:

(a) Jina la jarida hukaa juu kabisa, kwa herufi kubwa. Sababu yake ni ya dukani. Rafuni, magazeti hupandana hivi kwamba mara nyingi huonekana sehemu ya juu tu, au ukingo wa kushoto. Hata muuzaji anayetandaza magazeti kando ya barabara katika miji yetu huyalaza yakifunikana. Jina likiwekwa chini, limezikwa.

(b) Picha kuu ni moja, ya msanii anayemtazama msomaji machoni. Macho hayo ni salamu, na msomaji aliyesalimiwa huona haya kupita bila kujibu. Mara nyingi kichwa cha msanii hufunika sehemu ya jina la jarida. Hilo huwezekana kwa jarida lililozoeleka, ambalo jina lake hutambulika hata likifunikwa. Jarida jipya lisijaribu.

(c) Vidokezo vya habari za ndani hupangwa pembeni. Kila kidokezo kitoe nusu ya habari na kuficha nusu. Ni taharuki ileile tunayoifundisha katika riwaya, ila hapa imebanwa katika maneno matano au sita.

(d) Rangi ziwe chache, mbili au tatu, na zirudiwe ndani. Katika majarida ya pop huwa kali na changamfu. Aina za herufi nazo zisizidi tatu, la sivyo ukurasa utaonekana kama ukuta wa matangazo.

(e) Tarehe, nambari ya toleo na bei visisahauliwe. Bila hivyo, kilicho mikononi mwako ni bango.

Ukurasa wa yaliyomo

Hapa tusikawie. Ukurasa huu ni ramani. Nambari za kurasa ziwe kubwa, habari ziwekwe katika makundi, na kila kidokezo cha jalada kipatikane humu. Jarida linaloahidi nje na kukosa ndani limemdanganya mnunuzi.

Mahojiano ya kurasa mbili

Kwa kawaida picha hutawala upande mmoja na maandishi hupangwa kwa safu upande wa pili. Kauli moja ya msanii hukuzwa katikati ya safu ili jicho lipate pa kutua. Utangulizi mfupi humtambulisha mhojiwa, kisha maswali na majibu hufuata. Unaona jinsi kaida hizi zinavyokaribiana na zile za mahojiano tunayoyafundisha katika uandishi wa kiuamilifu.

Smash Hits liliongeza mzaha. Liliwauliza wasanii maswali ya kipuuzi makusudi, nayo majibu yakafichua tabia kuliko maswali mazito. Mwaka wa 1987 lilimhoji Margaret Thatcher, aliyekuwa waziri mkuu. Mhojiwa hakuwa mwanamuziki, lakini kaida ya mahojiano ya pop ilibaki: kiongozi wa nchi aliulizwa kuhusu mambo ya vijana na muziki. Hapo jarida lilibadilisha kaida moja na kuzishika nyingine zote. Huo ndio ukiushi wenye manufaa, kwani msomaji alishangaa bila kupotea.

Lugha

Mtahiniwa wa isimujamii asome sehemu hii kwa makini. Sajili ya jarida la pop ina sentensi fupi, nafsi ya pili, viulizi, vihisishi, chuku na msamiati wa vijana. Je, sheng iruhusiwe? Wenzangu wengi hukataa katakata. Ushauri wangu ni huu: tahariri na habari ziandikwe kwa Kiswahili cha kawaida kilicho chepesi, ila maneno ya msanii yanukuliwe alivyoyasema. Jarida linalomzungumzia msanii wa genge kama Nonini au Jua Cali, kisha likamnukuu akisema kama hotuba ya mahafali, halitaaminiwa na kijana yeyote. Lugha ya mhusika humjenga mhusika. Tunayasema hayo kila siku kuhusu tamthilia.

Jambo moja la tahadhari: maneno ya nyimbo ni mali ya wenyewe. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Darasani, wanafunzi watunge nyimbo zao na kubuni wasanii wao. Watapata mazoezi ya utunzi juu ya hayo.

Hitimisho

Smash Hits lilikufa vijana walipoanza kupata nyimbo na picha za wasanii kwenye televisheni na intaneti. NME nalo liliacha kuchapishwa kila wiki mwaka wa 2018. Hata hivyo, uso unaotazama, jina kubwa juu na kidokezo chenye taharuki vimehamia katika simu. Chombo kimebadilika, haja ya hadhira ipo palepale.

Kuhusu wale wanafunzi wangu, niliwaita na kuwasomea alama upya mbele ya wenzao. Waliochora machweo hawakufurahi, nami sikuwalaumu: kosa lilikuwa la mtahini aliyetahini bila mwongozo. Tangu siku hiyo nimetumia mwongozo ufuatao, nao huupata kabla ya kuanza kazi.

Zoezi

Kwa makundi ya wanafunzi wanne, buni jalada, ukurasa wa yaliyomo na mahojiano ya kurasa mbili ya jarida la muziki wa pop. Kisha taja kaida moja uliyoikiuka na ueleze sababu. (alama 20)

Mwongozo wa kutuza:
Hadhira imebainishwa na kuzingatiwa – alama 3
Kaida za jalada – alama 5
Yaliyomo yanaafikiana na jalada – alama 3
Muundo wa mahojiano – alama 4
Sajili – alama 3
Ukiushi mmoja uliotolewa sababu – alama 2

Mwalimu, zile alama mbili za mwisho usizitoe kwa urahisi. Mwanafunzi aliyekiuka kaida kwa kutoijua asituzwe kama aliyeikiuka akiijua.