Kila Boliti na Mkebe Wake

Gari la zamani likifunguliwa lote, linataka nafasi ya magari matatu. Wateja wanaoniletea Peugeot 504 hapa Likoni, wakitaka lirudi lilivyotoka kiwandani, huwa hawalitarajii hilo. Milango imeegemea ukuta, viti viko chini ya mwembe, injini iko juu ya meza, na kati ya vyote hivyo kuna mamia ya boliti, nati, washa na klipu. Pesa za rangi na za injini watu huziweka kando mapema. Mahali pa kuweka boliti hapafikiriwi, na magari mengi yanayoozea nyuma ya gereji yaliuawa na hilo.

Gari lenyewe lina heshima yake Kenya. Lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, likashinda Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, likashinda tena 1978 likiwa na Jean-Pierre Nicolas. Wazee wetu walisafiri nalo safari ndefu, wamebanana viti vya nyuma. Ndiyo maana bado kuna watu wako tayari kulifufua.

Shida ni kwamba baadhi ya boliti zake ni namba 7, zinazofunguliwa kwa spana ya 11. Magari ya Kijapani yaliyojaa mjini yanatumia sana namba 6, 8 na 10. Ukipoteza namba 7 moja, utapanda feri hadi kisiwani Mombasa na kuzunguka duka hadi duka, na huenda urudi mikono mitupu. Fundi mwenye haraka atachukua drili, apanue tundu, achonge meno ya namba 8. Gari litatembea, lakini tundu hilo halirudi tena lilivyokuwa.

Kule Miritini, Associated Vehicle Assemblers wamekuwa wakiunganisha magari tangu miaka ya 1970. Vipande huja vimefungwa kwenye makreti, kila kreti na orodha yake. Sisi tunaofufua magari tunafanya kazi hiyo hiyo, ila makreti inabidi tuyatengeneze wenyewe.

Mimi natumia mikebe: ya Blue Band, ya maziwa ya unga, yoyote yenye kifuniko kinachobana. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na kwa kazi hii sikuijutia. Hewa yetu ina chumvi. Boliti iliyosafishwa kwa mafuta taa ikaachwa wazi itaanza kushika kutu muda si muda, lakini ndani ya mkebe, ikipakwa oili kidogo, itamngoja mwenye gari atafute pesa za rangi hata mwaka mzima. Jina la kilichomo liandikwe ubavuni mwa mkebe, kamwe si juu ya kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Tia na kikaratasi ndani, kiandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu ya maka unafutika ukiguswa na petroli.

Kwa kitu kama pampu ya maji, mkebe hautoshi. Boliti zake hazilingani urefu. Chukua kipande cha katoni, uchore umbo la pampu, utoboe tundu kila palipo na boliti, kisha uchomeke kila boliti mahali ilipotoka. Boliti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi hugota chini kabla ya kubana. Mkononi utahisi imekaza, kumbe gasketi haijashikwa, na siku ya kuwasha injini maji yanavuja. Ukiilazimisha zaidi, unapasua chuma. Katoni hiyo itundike ukutani. Ukiilaza sakafuni, mchwa wa Likoni wataila.

Vali na pushrodi nazipanga kwenye trei ya mayai, nimeandika upande wa feni na upande wa gia. Kila vali imekwisha kulika pamoja na kiti chake, na kila pushrodi imezoeana na rokaamu yake. Ukizichanganya, injini iliyokuwa nzima inaanza kelele.

Picha za simu nazo piga, hasa za nyaya, kabla hujashika spana. Zitume kwa mwenye gari kwenye WhatsApp siku hiyo hiyo, maana simu ya fundi huanguka ndani ya oili. Na boliti iliyovunjika usiitupe mpaka mpya iwe imeingia na kukaza. Ndiyo sampuli ya kupeleka dukani.

Wewe uliye na gari la babako uani na unafikiria kulifufua, kabla hujamkabidhi fundi ufunguo, muulize boliti ataziweka wapi. Akikuonyesha ndoo moja, mshukuru, urudi nyumbani na gari lako.